Nyumba ya Malambo inauzwa. Nani kasema?

Najua nimepotea, na wengine mmeshaanza kuuliza kama nimeacha kalamu au nimehamia kwenye siasa. Hapana. Nilikuwa na mambo ya nyumbani Bariadi, na mambo ya nyumbani yana tabia ya kumnyamazisha hata mtu ambaye mshahara wake unatokana na kusema. Sasa yamefika mahali yanaandikika. Mama ameniruhusu, kwa sharti moja ambalo nitalitaja mbele ya safari.

Yalianza kwa simu. Februari 2023, nipo chumba cha habari hapa Mwanza napambana na stori ya bei ya dagaa, simu ikaita. Baba mkubwa. Sasa baba mkubwa wangu si mtu wa kupiga simu kusalimia. Akipiga ujue kuna ng'ombe, kuna mgonjwa au kuna kikao. Akaniuliza habari za kazi, habari za Mwanza, kama mvua imenyesha. Nikajibu. Kisha akasema:

"Wewe si ndiye mwandishi? Tuandikie tangazo. Ile nyumba ya Malambo tunaiuza. Liweke huko kwenye mitandao yenu, wenye hela ndiko waliko."

Nikasema sawa, baba.

Ndiyo, nilisema sawa. Nataka mlijue hilo mapema, msije mkanipa ushujaa ambao sina. Nilifungua ukurasa mpya kwenye kompyuta nikaandika: "Nyumba inauzwa Malambo, Bariadi mjini. Vyumba vitatu, kimoja master, sebule, jiko, stoo, kisima uani, umeme upo." Niliandika haraka, kama ninavyoandika habari fupi za ukurasa wa tatu. Nilipofika kwenye "wasiliana na", vidole vikasimama. Niandike namba ya nani? Kwa sababu saa ile ile ninayoandika, ndani ya nyumba hiyo mama yangu alikuwa anachambua choroko, na hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kitu.

Wahariri wamenikemea mara nyingi kwa sentensi zisizo na mtenda. "Fedha zimeibwa." Na nani? "Uamuzi umefikiwa." Na nani? Lakini angalieni matangazo yote ya nyumba, yawe kwenye mti wa umeme, gazetini au kwenye simu yako. Nyumba inauzwa. Na nani? Hayasemi, na wala hatuulizi. Tunauliza bei.

Ngoja niwaeleze nyumba yenyewe. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kiwanja alikipata mwaka 1996, wakati Bariadi ni makao makuu ya wilaya tu, moja ya wilaya za Shinyanga, mji wa pamba na ng'ombe na vumbi. Alijenga kama walimu wanavyojenga, chumba kimoja kila baada ya miaka michache. Utoto wangu wote tuliishi vyumba viwili vyenye bati, na sehemu iliyobaki ya nyumba ilikuwa msingi ambao mama alipanda mahindi ndani yake. Tulikuwa tunavuna sebuleni! Mshahara wa baba ulinunua tofali za kuchoma na bati. Nondo, simenti ya sakafu na mlango wa mbele wa mninga vilitoka kwenye genge la mama, nyanya na vitunguu na dagaa. Baba mwenyewe alikuwa akisema kwa utani wageni wakisifia mlango: "Hizo ni nyanya hizo."

Halafu Machi 2012 serikali ikatangaza mikoa mipya: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Bariadi, ambayo juzi tu ilikuwa inaenda kuomba kila kitu Shinyanga, ikawa makao makuu ya mkoa. Wale msiofika huko hamuwezi kuelewa kilichotokea. Mkoa una ofisi, ofisi ina maofisa, na maofisa wanahitaji mahali pa kulala. Watu waliokuwa na chumba cha uani kilichohifadhi magunia ya pamba wakakipaka rangi wakapangisha. Kisha ikaja lami ya kwenda Lamadi, kilometa 71 na ushei, ambayo Rais Magufuli alikuja kuizindua mwaka 2018. Kwa miaka mitatu mfululizo, 2018 hadi 2020, sherehe za kitaifa za Nane Nane zikafanyika Nyakabindi, nje kidogo ya mji. Kila tukio la namna hiyo liliongeza kitu kwenye thamani ya kiwanja cha mwalimu, bila mwalimu kugusa hata koleo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,584,157 mkoani. Ya Agosti 2022 ikahesabu 2,140,497. Baba alikuwa mmoja wa hao wa mwisho. Yeye ndiye aliyemjibu karani, mama akamletea karani maji ya kunywa. Wiki sita baadaye tukamzika kijijini Itilima, karibu na babu.

Kwa hiyo nyumba ya mwalimu sasa ilikuwa mali. Na mali ikishaonekana, huwa inapata wenyewe wengi.

Tangazo sikulipeleka. Nilimwambia baba mkubwa kwamba siwezi kuweka bei bila kuijua soko, kwa hiyo nitakuja Bariadi niangalie nyumba zinazouzwa, nilinganishe. Ilikuwa nusu kweli. Nusu nyingine ni kwamba nilikuwa naogopa kumwambia hapana, na mwandishi akiogopa jambo huwa anaomba muda wa kufanya utafiti. Kazi kweli kweli.

Jumamosi moja nikapanda basi la asubuhi, Magu, Lamadi, tukakata kulia kuingia Bariadi. Nikatafuta dalali. Nilimpata mmoja kijana wa rika langu, ana bodaboda na simu mbili, na shingoni kaning'iniza futi ya kupimia kama fundi nguo. Hela ya kuzungusha elfu kumi, unalipa kabla ya kupanda, hairudi. Mkikubaliana nyumba, ana asilimia yake. Nikalipa.

Ya kwanza ilikuwa pagale upande wa Nyaumata, huko ilikojengwa hospitali ya rufaa ya mkoa. Kuta zimesimama, lenta imefungwa, bati hakuna, mbuzi watatu sebuleni. Dalali akaniambia hilo ndilo soko lenyewe la Bariadi: "Mtu akipata kazi anaanza kujenga, akihamishwa anauza. Hapa tunauza ndoto za watumishi, kaka." Mwenyewe alishahamia mkoa mwingine, anauza kwa simu. Karatasi zote zipo. Hiyo ilikuwa nyumba rahisi, sina la kusema juu yake.

Ya pili ilikuwa Sima. Nyumba nzuri, geti la bluu, marumaru mpaka kibarazani. Tulipokelewa na mwenye nyumba mwenyewe, baba wa miaka hamsini hivi, akatuonyesha vyumba haraka haraka huku anatazama saa. Jikoni sufuria lilikuwa linachemka. Chumbani kulikuwa na kitenge kimetandikwa kitandani vizuri kabisa. Nikauliza, mama mwenye nyumba yuko wapi? "Ameenda kanisani. Tuwahi kabla hajarudi." Tulipotoka nje nikamuuliza dalali kama mke anajua. Akacheka. "Mke tutamsainisha mwishoni. Ukimwambia mwanzoni, biashara inakufa."

Sasa hapa nisimame kidogo kama msomaji wa magazeti ya zamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani na mwenza mmoja bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina kwenye karatasi ni la mmoja. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo ikaja kumlinda mwenza kwa namna yake. Ndiyo maana mwanasheria yeyote makini anataka saini ya mke kwenye mkataba wa mauziano. Kwa hiyo yule mama wa Sima, kama angejua, angeweza kuzuia. Nilimwambia dalali hayo. Akanitazama kwa huruma, kisha akaniambia jambo ambalo sikulisoma popote: "Ndiyo maana za warithi ni rahisi. Pale hakuna mke, pana mjane."

Nilikaa kimya juu ya pikipiki mpaka Somanda.

Somanda ndiko tulikoikuta ya tatu, na hiyo sikuingia ndani. Ukutani, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za tangazo la mkutano wa hadhara: NYUMBA HII HAIUZWI. OGOPA MATAPELI. Mmeyaona maandishi hayo Mwanza, mmeyaona Dar, sidhani kama kuna mji wa nchi hii usiokuwa nayo. Mimi nilizoea kuyapita nikidhani ni vita ya mwenye nyumba na matapeli wa mjini. Nikamuuliza dalali kwa nini amenileta kwenye nyumba isiyouzwa.

"Inauzwa hiyo," akasema. "Aliyeandika ni mdogo mtu. Anayeuza ni kaka mtu. Ila bei imeshuka sana kwa sababu ya rangi."

Nikamuuliza na ile ya Malambo, ya marehemu mwalimu, ingeenda kwa ngapi. Hakujua kuwa ni yetu. Akafikiri kidogo, akasema milioni thelathini na nane ukiuza taratibu, thelathini ukiwa na haraka. "Na wale wana haraka, maana mwenye nyumba mdogo wake ameshanipigia." Mwenye nyumba! Alikuwa anamsema baba yangu kama yu hai, na baba mkubwa wangu kama mdogo wake. Hata ukoo ulikuwa umechanganywa ili nyumba iuzike.

Jioni nikaenda nyumbani. "Mwadila, mayu." Mama akaitikia, akaniwekea maji ya kunawa, ugali, na mlenda. Nikala. Nilikuwa nimepanga kumwambia taratibu, kwa mzunguko, lakini nilipomaliza kunawa alisema yeye, akiwa anatoa vyombo: "Walikuja watu wawili juzi kupima uzio. Walisema wanatoka kwa baba yako mkubwa. Nikawapa uji."

Akawapa uji! Jamani.

Usiku ule nikampigia rafiki yangu tuliyekuwa naye chuo, yeye akisoma sheria. Nikamuuliza swali rahisi: mama yangu ana haki gani kwenye nyumba hii? Akasema swali si rahisi, kwa sababu inategemea baba yako alikuwa mtu wa aina gani. Nikadhani ananitania. Hakuwa ananitania.

Alichonieleza nitawapa kwa ufupi, na wenye taaluma mtanisamehe. Kama baba angekuwa Mwislamu aliyeishi kwa Uislamu wake, mjane mwenye watoto anapata moja ya nane. Kama mirathi ikienda kwa sheria ya serikali, sheria yenyewe ni ya India, ya mwaka 1865 (mliosoma historia mtacheka, Mwingereza alitubebea kutoka Bombay na sisi tukaitunza), na humo mjane mwenye watoto anapata theluthi moja. Kama ikienda kwa mila, basi kuna Amri ya Sheria za Mila ya mwaka 1963, na humo mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mahakama huangalia marehemu aliishi maisha gani na alikusudia nini. Nyumba ni moja, mlango ni ule ule wa mninga, na mama yangu ni ama moja ya nane, ama theluthi, ama sifuri.

Nikamuuliza kuhusu kifungu cha 59, ile ridhaa ya mke. Akasema soma vizuri: kinamlinda wakati ndoa ipo. Ndoa ya mama iliisha siku tuliyofunga kaburi. Halafu akaniongezea lililoninyima usingizi. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini ile ilikuwa talaka. Maana yake, kama mama angeachana na baba, angesimama mahakamani na nyanya zake na dagaa wake na kudai sehemu yake. Kwa kuwa alikaa naye mpaka mwisho, akamuogesha, akamlisha, akamzika, kwa mila hana kitu.

Wapo waliolipeleka mbele zaidi. Wajane wawili, mafundi cherehani, walioolewa kwa mila ya Kisukuma, walifukuzwa kwenye nyumba zao na ndugu wa waume zao. Wakaenda Mahakama Kuu kupinga ile amri ya 1963. Mwaka 2006 mahakama ikakiri kwamba ina ubaguzi, lakini ikaogopa kuifuta kwa sababu ya yatakayofuata. Mwaka 2010 rufaa yao ikatupwa kwa kasoro ya tarehe kwenye hati ya amri ya chini. Tarehe! Wakaenda hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake, na Machi 2015 kamati hiyo ikasema Tanzania imewakosea na ibadilishe sheria. Nilipomuuliza rafiki yangu usiku ule wa 2023, amri ile ilikuwa bado vitabuni.

Kikao cha ukoo kilikaa Aprili, kijijini Itilima, chini ya mti, wanaume kwenye viti na wanawake kwenye mikeka. Nilikuwa nimejiandaa kama naenda kuripoti bunge: karatasi, vifungu, miaka. Nikazungumza. Nilipofika kwenye theluthi moja, mzee mmoja akauliza imetoka wapi. Nikasema, imetoka kwenye Sheria ya Urithi ya India. Kosa kubwa. Baba mkubwa akasimama.

"Huyu mama aliolewa kwa ng'ombe kumi na saba," akasema. "Hakuolewa kwa India."

Watu wakacheka mpaka wakashika magoti. Mimi mwenyewe nilicheka, nitafanyaje.

Lakini hapa ndipo sharti la mama linapoingia. Aliniambia: andika, ila jina lake usilitaje, na usimfanye mwizi. Na kweli siwezi kumfanya mwizi, kwa sababu baada ya kicheko alisema mambo ambayo sikuyajua. Baba alipochaguliwa chuo cha ualimu, babu hakuwa na kitu. Baba mkubwa aliuza ng'ombe wake wanne, wa kwake mwenyewe aliowapata kwa pamba ya misimu mitatu, akamsomesha mdogo wake. Yeye akabaki na jembe. Mdogo akapata mshahara, akapata kiwanja mjini, akapata watoto wanaokwenda chuo kikuu na kurudi na India. Sasa yeye ana miaka sabini na mbili, ana goti bovu, na mtoto wake mmoja ana deni. Hakuwahi kulipwa. "Sikudai akiwa hai," akasema, "kwa sababu nilijua nyumba ile ni yetu."

Nikatazama karatasi zangu. Hakuna kifungu kinachozungumzia ng'ombe wanne wa mwaka 1984.

Shangazi ndiye aliyesema, "Mwacheni na mwenyewe aseme." Mama akasimama kutoka kwenye mkeka. Nilitegemea ataje genge, ataje nondo. Hakutaja. Alisema: "Ng'ombe wanne nawajua. Marehemu aliniambia, na alikufa hawajamtoka moyoni. Watarudi. Lakini nitawarudisha mimi. Sitaki warudishwe na mtu anayenipita mlangoni kupima uzio." Akakaa. Ilikuwa fupi kuliko habari yoyote niliyowahi kuandika.

Walibishana mpaka jua likaenda upande, sitawachosha. Mwisho wake muhtasari ukaandikwa (na mimi, nani mwingine) kwamba ukoo unampendekeza mama kuwa msimamizi wa mirathi, watoto tunakubali, baba mkubwa anakubali, na deni la ng'ombe linatambuliwa. Baba mkubwa aliweka dole gumba, akalifuta kwa majani, akaniambia nimpelekee kivuli cha ile karatasi. Tukaenda Mahakama ya Mwanzo, tangazo likabandikwa, siku zikapita, hakuna aliyepinga, mama akateuliwa. Baadaye akapeleka orodha ya mali, kama sheria inavyotaka, ndani ya miezi minne. Hakimu hakulazimika kuamua baba yangu alikuwa mtu wa aina gani. Mpaka leo sijui angeamua nini, na siku nyingine nikiwa kwenye basi la Lamadi nalifikiria hilo. Mwalimu aliyeimba kwaya, aliyeoa kwa ng'ombe, aliyezikwa kwao, aliyesoma gazeti kila siku alipolipata. Mngemweka fungu gani nyie?

Mdogo wangu wa kiume, bila kumuuliza mtu, alinunua kopo la rangi nyekundu akaandika ukutani HAIUZWI. Mama alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Akamfanya apake chokaa mara mbili, na bado mvua ikinyesha herufi zinaonekana kwa mbali, pinki.

Sababu ya hasira yake niliijua mwaka jana. Alinipigia simu, akanisalimia vizuri, akauliza kama nakula. Kisha akasema anataka kuuza nyumba.

Nilidhani sijasikia. Nikamwambia mama, ile nyumba tuliyoipigania? Akasema, "Mliipigania nyie. Mimi nilikuwa nakataa kuuzwa pamoja nayo." Akanieleza hesabu zake. Vyumba vitatu kwa mtu mmoja ni kufagia tu. Mdogo wake yuko Lamadi, barabara kuu ya Mwanza na Musoma inapita pale, ziwa liko karibu, dagaa wanafika wabichi. Anataka kiwanja kidogo, vyumba viwili na fremu moja mbele, afungue duka la dagaa na nafaka. Ng'ombe wanne wa baba mkubwa watatoka hapo hapo, kwa bei ya mnada wa siku hiyo, alishauliza. Kinachobaki tutagawana. Sisi watoto wote tumeshasaini. Mimi nilisaini wa mwisho, na nilichelewa wiki nzima bila sababu ya maana.

Basi mwezi uliopita nilikuwa naye kibarazani tunaandika tangazo, lile lile nililolianza 2023. Nikamsomea: vyumba vitatu, kimoja master, kisima uani.

"Kisima kinakauka Septemba," akasema. "Andika."

Nikamwambia mama, matangazo hayaandikwi hivyo. Akasema mnunuzi ataliona Septemba atasema mjane kamdanganya. Nikaandika: kisima, hukauka Septemba. Hati? Nikaandika hati ipo, akasema hapana, ni ile barua ya toleo, ile ofa ya mwaka 1996, hati inashughulikiwa. Nikaandika. Mlango wa mninga nikauandika bila kuulizwa. Bei akaitaja yeye, milioni arobaini na mbili, na akasema dalali asiongeze ya kwake juu. (Na ile asilimia kumi ambayo katika kila mji niliofanyia kazi nimesikia ikidaiwa mtaani wakati wa kugonga muhuri, nimetafuta sheria yake sijaiona. Mwenye nayo anionyeshe.)

Nilipomaliza akaniambia nisome tena mwanzo. Nikasoma: "Nyumba inauzwa Malambo..."

"Hujasema nani anauza."

Ndiyo maana tangazo lililobandikwa wiki ile linaanza na jina lake kamili, kisha "anauza nyumba". Dalali wangu wa shingo ya futi alicheka alipoliona, akasema linafanana na barua ya kuomba kazi. Siku ya pili simu yangu ikaita, mtumishi mmoja aliyehamishiwa mkoani, ana haraka, ana mke na watoto wawili. Akauliza kama bei inapungua, akauliza kisima kina urefu gani, kisha akauliza kama mimi ndiye mwenye nyumba.

Nikampa namba ya mama.